Jibu: Watoto wanaacha shule darasa la tano, kamati ifanye nini?

Salaam mkuu. Umesema kamati yenu ya shule inakaa kila robo mwaka, ila watoto wa darasa la tano na la sita wanazidi kupotea, na mwalimu mkuu anawatupia mpira wazazi.

Anzeni na daftari la mahudhurio, mkutano baadaye. Kwetu majina yaleyale yalikosekana siku za mnada, mengine msimu wa kuamia ndege mashambani. Hapo tukajua mlango wa kupiga hodi. Mjumbe wa kamati anayetoka kitongoji cha mtoto huyo aende mapema, aongozane na balozi wa nyumba kumi. Barua ya mtendaji iwe ya mwisho. Ikitangulia, mzazi anampeleka mtoto kwa shangazi kijiji cha mbali na mmeshampoteza.

Halafu uji wa shuleni. Michango ya lazima iliondolewa 2016, kwa hiyo mahindi yakubaliwe kwenye mkutano wa wazazi, na asiyechangia mtoto wake asinyimwe kikombe, maana huyohuyo ndiye mnayemtafuta!

Aliyekaa nje miaka mingi, muulizeni afisa elimu kata kuhusu MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Mkimrudisha darasa la tatu na ndevu zake, hamalizi wiki.

Shule za mjini sizijui, wenyeji wa huko waongezee.