Mwanangu, mwache Idrisa aende kwa fundi

Mwanangu Zuhura,

Marahaba mwanangu. Ile voisi noti yako ya juzi nimeisikiliza mara tatu nikaona hili sio la kujibu huku nakoroga mboga, ndo nimekaa naandika. Umeniuliza Idrisa aende wiki tatu kwa yule fundi friji wa Tandika ambae kakubali kumpokea ila hamlipi, au aanze tuisheni ya fomu faivu kama baba yake anavotaka. Na ukasema unaogopa asije akatumikishwa bure.

Mi nasema aende. Mtihani kamaliza Novemba, fomu faivu ni Julai, kwenye miezi yote hiyo wiki tatu hazimli kitu.

Kuna kitu sijawahi kukusimulia vizuri. Desemba ya 1979 nikiwa fomu thrii, marehemu shangazi yangu alinipeleka kliniki ya watoto nikakae na manesi likizo, maana nlikua nshatangaza nyumba nzima kwamba ntakua nesi. Wakanipa mizani. Mama anamvua mtoto, tunamuweka kwenye ile kaptula ya kuning'inia, mi nasoma kilo naandika kwenye kadi na kwenye rejista, basi, kazi yenyewe ni hiyo. Siku ya nne foleni ilikua ndefu, nikamuandikia mtoto wa kilo nane na nusu kwamba ana sita na nusu. Sista mkubwa akapita kuangalia rejista, akaona mwezi uliopita yule mtoto alikua na nane, akaniuliza huyu kaugua? Nikamwambia hapana, mbona mnene. Hakunifokea. Akasema mfuate mama yake, kadi aliyobeba sio ya mtoto wake.

Nilikimbia mpaka stendi na jua la Tanga unalijua, nikamkuta mguu mmoja uko kwenye basi, utingo anagonga bodi twende twende, mi namsihi yule mama anipe kadi, nikaisahihisha juu ya goti mikono inatetemeka. Ingebaki vile popote wangempeleka yule mtoto wangesema kapungua kilo moja na nusu kwa mwezi, wangemtibu ugonjwa asiokua nao. Zuhura, shuleni nikikosa hesabu kosa linabaki kwenye daftari langu, mwalimu anaweka mkasi yameisha. Siku ile kosa langu lilikua linapanda basi na mtoto wa watu. Hakuna mwalimu aliewahi kunifundisha kitu kile, na hata angetaka asingeweza.

Alafu wiki ya pili wakanihamishia chumba cha vidonda, nikaona kabisa hii sio yangu, siwezi. Ila ile rejista niliipenda, kupanga, kulinganisha, kutafuta la mwezi jana. Ndo nikaishia masijala mpaka nastaafu, na sijawahi kujuta. Kama nisingeenda likizo ile ningeijua lini hiyo, baada ya miaka miwili ya chuo cha unesi?

Na usione kama sie hatukufanyishwa kazi shuleni, kizazi chetu ni cha Elimu ya Kujitegemea ya 1967, shamba la shule tumelima sana. Lakini tulikua wanafunzi kwa wanafunzi, ukitega hajulikani nani katega. Idrisa kwa fundi atakua peke yake kati ya watu wazima ambao sio wazazi wake wala walimu wake, wakimtuma spana wanaisubiri ile spana.

Ufundi hatoupata, tusidanganyane, wiki tatu ni za kushika tochi na kusafisha vumbi nyuma ya friji. Ila ataona muuza samaki kaja na friji imekufa na mzigo ndani unayeyuka, na ataona fundi anamwambiaje bei mtu wa namna hiyo. Na baba yake mwambie fizikia nayo iko humo humo, kompresa inaminya gesi inapata moto, ikiachiwa itanuke inapoa, ndo maana nyuma ya friji kunachoma na ndani kunaganda, sasa hiyo ataishika kwa mkono wake sio kuikariri. Serikali yenyewe tangu 2024 imeingiza mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari. Na si uliniambia yule fundi alijifunza mtaani, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi wa serikali, ndo wakaja kumpima wakampa cheti? Mtu kama huyo anajua maana ya kumfundisha mtoto.

Ila hofu yako sio ya bure, usiiweke pembeni. Sheria ya Ajira ya 2004 inakataza mtoto chini ya miaka 18 kuajiriwa sehemu ya hatari, na Idrisa ana 17. Kwahiyo ongea na fundi kabla, mbele ya mtoto: mitungi ya gesi asiiguse, nyaya zenye umeme asiguse, kupanda maghorofani kufunga AC hapana. Chakula cha mchana wampe. Na wiki tatu ziwe tatu, maana ikifika miezi mitatu mtoto anatengeneza friji za wateja na hela inaingia kwa mwingine hiyo sio kujifunza tena, alipwe.

Kingine kinachoniuma mpaka leo. Ofisini tulikua tunaletewa vijana wa field, yaani wa kujifunza kazi, wiki nane wamekaa kwenye benchi, hakuna anaewapa kitu, mwisho wanagongewa muhuri wanaenda, na mi nlikua mmoja wa waliowapita pale kila asubuhi na mafaili mkononi. Kwahiyo kila jioni muulize, leo wamekuachia nini ufanye mwenyewe? Wiki ya kwanza ikiisha na jibu bado ni kufagia tu, nenda kaongee na fundi kwa adabu, akishindwa mtoe.

Nauli ya wiki tatu ntaituma kesho kwenye simu yako. Mnunulie viatu vya kufunika, asiende na ndala kwenye mabati yale. Na mwambie mjukuu wangu Jumamosi ya kwanza anipigie, nataka kujua friji ya kwanza ilikua inaumwa nini.

Mama yako