Wasomaji Wauliza: Bondia, mwanamieleka na mkabaji ndani ya kizimba kimoja

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: mtu anaujua mchezo wake vizuri, anaingia kwenye mapigano mchanganyiko ya MMA, na ghafla ujuzi ule unaanza kumsaliti. Tumechagua chache, na zilizofanana tumezijibu pamoja.

Nimecheza ngumi kwa miaka mitatu. Tangu nianze MMA, kila nikirusha ngumi ya kulia nashikwa miguu na kubwagwa, na mguu wangu wa mbele unavimba kwa mateke. Kocha wangu wa ngumi anasema haoni kosa. Kosa liko wapi?
*Bondia, uzito wa kati*

Kocha wako anasema kweli, ndugu. Kwenye ngumi huna kosa. Kila mchezo hujenga tabia zake juu ya kanuni zake, na bondia anajua kwamba hakuna atakayemgusa chini ya mkanda. Ndiyo maana anaegemea mguu wa mbele, anageuza unyayo kwa ndani na kusimama kiubavu. Ndani ya kizimba, unyayo uliogeuka hivyo unaacha wazi upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, mahali ambapo mshipa wa fahamu unapita karibu na mfupa. Mateke mawili matatu yakipatia hapo, unyayo hauinuki tena.

Anza na miguu, basi. Elekeza vidole vya mguu wa mbele kwa mpinzani, fupisha msimamo kwa kama nusu ya unyayo, gawa uzito nusu kwa nusu. Jipime hivi: unaweza kuinua goti la mbele bila kuegemea nyuma kwanza? Kama huwezi, bado umelemea mbele. Teke la chini likija, inua mguu, geuza goti kwa nje, ulipokee kwa sehemu ya juu ya muundi. Ukichelewa, usirudi nyuma moja kwa moja kwa sababu teke litakufuata likiwa na nguvu zake zote. Songa mbele, likupate kwa paja la mpinzani badala ya muundi wake.

Sasa ngumi ya kulia. Ukiirusha kibondia, nyonga huenda mbele na bega hupita goti. Kwa mwanamieleka huo ni mlango: nyonga zako zimemkaribia, na mikono yako iko mbali nazo. Usiifanye ngumi ya kwanza. Itanguliwe na ngumi ya mkono wa mbele au chenga, ifuatwe na ngumi ya kupinda ya kushoto huku unatoka kwa pembeni. Anayetoka pembeni si rahisi kushikwa miguu yote miwili. Na ile tabia ya kuinama sana kukwepa ngumi, punguza. Goti linangoja huko chini.

Glavu nazo zinabadilisha mambo. Za MMA zina aunsi 4, takriban gramu 113, wakati za ngumi za kulipwa ni aunsi 8 hadi 10. Ukijifunika uso kwa glavu hizo ndogo, ngumi zinapita katikati. Jikinge kwa vigasha na kwa hatua za miguu.

Kuzuia kuangushwa kuna mfuatano wake, na mabondia wengi huuanza mwishoni. Kigasha kwanza: kiweke kwenye mtulinga au bega lake, na paji lako la uso likae ubavuni mwa kichwa chake. Akipita hapo, rusha miguu yote nyuma na udondoshe nyonga juu ya mabega yake. Uzito ukae kwenye nyonga, magoti yasiguse chini. Kisha ingiza mkono mmoja chini ya kwapa lake, zunguka kuelekea mgongoni kwake au sukuma kichwa chake chini usimame. Kosa linalowaangusha wengi ni kuinamisha kiuno na kukimbilia kumkaba shingo huku nyonga zimebaki palepale. Wanaishia chini, wamekumbatia kichwa ambacho hakiwasaidii kitu.

Ukitaka mfano wa kuutazama, mtazame Chuck Liddell, bingwa wa UFC (shirika kubwa la Marekani linaloandaa mapambano ya MMA) wa uzito wa light heavyweight, ule unaotangulia uzito wa juu, kuanzia 2005 hadi 2007. Alikuwa mwanamieleka wa chuo kikuu, lakini mieleka yake kizimbani ilikuwa na kazi moja kubwa: kubaki wima ili apige.

Nina mkanda mweusi wa judo. Bila vazi sipati pa kushika, na nikimbeba mtu kwa bega naishia kukabwa kutoka nyuma. Je, judo yangu ina faida gani huku?
*Mwanajudo, mwanamke*

Vazi lilikuwa mpini wako, dada. Sasa mpini utautafuta mwilini. Mahali pa ukosi, weka kiganja nyuma ya shingo na ukivute kichwa chini, kiwiko chako kikibana kifua chake. Mahali pa mkono wa vazi, shika juu kidogo ya kiwiko chake kwa nyuma. Mshiko ulio bora kuliko yote ni mkono unaopita chini ya kwapa na kupanda hadi nyuma ya bega. Ukiupata pande zote mbili, unganisha kiganja kwa kiganja mgongoni mwake, ukibane kiuno chake kwako. Usisokotanishe vidole, mpinzani akikulalia, ni vigumu kuvitoa na vinaumia.

Kutoka hapo mtama wa nyuma ya mguu na ngwala ya ndani hufanya kazi sana, hasa pale mpinzani aliyebanwa kwenye wavu wa kizimba anapokusukuma ili ajinasue: nguvu zake ndizo zinazomwangusha. Kutupa kwa bega ndiko kunakohitaji tahadhari. Unamgeuzia mgongo, jasho linateleza, na ukikosa umemkabidhi shingo.

Ziko tabia mbili za judo ambazo lazima uziache. Kwenye judo, ukianguka kifudifudi na kujikunja, mwamuzi hukusimamisha baada ya muda mfupi. Huku, kujikunja hivyo ni kukaribisha kabali. Na kwenye judo, mtupo safi humaliza pambano, kwa hiyo mwili hulegea mara mpinzani anapogusa mkeka. Zoea kutua bila kuachia mkono wake, kifua chako juu ya kifua chake, kabla hajageuka ubavu.

Ronda Rousey, aliyepata shaba ya judo katika Olimpiki ya Beijing 2008, alilifanya hilo kwa ustadi mkubwa: mtupo wa nyonga na kufuli la mkono (kuunyoosha mkono wa mpinzani kupita kiasi hadi akubali kushindwa) vilikuwa tendo moja. Lakini Novemba 2015 kule Melbourne alikutana na Holly Holm, bondia aliyejua kutunza umbali. Rousey alimfuata kwa mstari ulionyooka, akapigwa njiani, na raundi ya pili ikaisha kwa teke la kichwa. Judo haina jibu la ile mita moja na nusu kabla ya kushikana. Jibu lake liko kwenye ngumi: ingia nyuma ya ngumi mbili, kichwa kikienda nje ya mstari wa mkono wake, na ushike wakati mikono yake inarudi kujikinga.

Royce Gracie alishinda UFC ya kwanza kwa jujitsu ya Kibrazili, mwili mwembamba kabisa. Mbona leo anayelala chali anapigwa tu?
*Mfuatiliaji wa zamani*

Usiku ule wa tarehe 12 Novemba 1993 mjini Denver, Gracie hakushinda kwa kulala chali akingoja. Aliwaangusha wenzake, na fainali dhidi ya Gerard Gordeau aliimaliza kwa kabali ya nyuma, ile ambayo wengi wanaiita roba. Pambano unalolifikiria huenda ni la Desemba 1994, alipolaliwa na mwanamieleka Dan Severn kwa zaidi ya dakika 15 kisha akambana shingo kwa pembetatu ya miguu. Wakati huo hapakuwa na raundi. Leo kengele inalia kila baada ya dakika 5, na Severn angesimamishwa mara tatu kabla ya kabali ile.

Zaidi ya hapo, wanamieleka walijifunza. Anayekaa juu siku hizi anajua kuweka viwiko ndani, kukaza mgongo na kukuburuta hadi wavuni, ambako nyonga zako hazina pa kuzungukia. Nawe, mikono inayojikinga na ngumi haipo tena kushambulia shingo.

Ushauri wetu ni mkali kidogo: ukiwa chini, jipe sekunde chache za kujaribu kabali au kufuli, na likikataa, simama. Vunja kwanza mkao wake kwa kuvuta kichwa chake kifuani kwako na kushika kifundo cha mkono mmoja, maana asiyeweza kuinua kifua hana nguvu ya ngumi. Kisha geukia ubavu mmoja, weka unyayo kwenye nyonga yake umsukume, egemea kiwiko halafu kiganja nyuma yako, pitisha mguu wa chini nyuma, simama huku mkono wa mbele ukilinda uso. Wanaokosea huanza kusimama wakiwa bado chali bapa, au hushusha mkono wa mbele ili kupata nguvu, na ngumi inawakuta katikati ya safari.

Jujitsu inayostawi leo ni ya kutoka juu na mgongoni. Ngumi ndizo zinazofungua kabali: mpige aliye chini yako, atageuka kuficha uso, naye akigeuka amekupa mgongo. Khabib Nurmagomedov, mtu wa Dagestan nchini Urusi aliyelelewa kwenye mieleka na sambo (mchezo wa Kirusi wa kuangushana na kukabana), alistaafu na mapambano 29 bila kushindwa kwa njia hiyo hiyo. Alifunga miguu ya mpinzani kwa miguu yake mwenyewe, akanasa kifundo cha mkono mmoja, akapiga kwa mkono uliobaki.

Kuhusu roba yenyewe: bana pande zote mbili za shingo, usikandamize koo kwa mbele. Ikikaa sawa, mtu hupoteza fahamu ndani ya sekunde chache, kwa hiyo mwenzako akigonga kwa kiganja mazoezini kuonyesha amekubali kushindwa, achia papo hapo. Glavu hufanya mkono wa nyuma ukwame, basi ingiza kiganja nyuma ya kichwa chake kikiwa kimelala bapa.

Nianze na mchezo upi?
*Swali la wasomaji kadhaa*

Mieleka. Anayeijua ndiye anayechagua pambano litachezwa wima au chini. Hata hivyo si lazima uwe umezaliwa nayo: Georges St-Pierre, bingwa wa zamani wa UFC, alianzia karate ya mtindo wa Kyokushin, akajifunza mieleka akiwa mtu mzima, akawa miongoni mwa waangushaji bora wa zama zake kwa sababu wepesi wa kuingia umbali aliutoa kwenye karate.

Mpinzani wangu aliweka kiganja kimoja chini, nikampiga goti la kichwa, refa akanikatalia. Nilikosea?

Inategemea kanuni zilizotumika siku hiyo. Kanuni za Pamoja za MMA (Unified Rules), zinazotumiwa na waandaaji wengi, zilibadilishwa kuanzia Novemba 2024: sasa aliye chini ni yule aliyegusa mkeka kwa kiungo kingine mbali na viganja na nyayo, na kile kiwiko cha kushuka wima kimeruhusiwa. Lakini si mapambano yote yanayofuata mabadiliko hayo. Uliza kwenye kikao cha kanuni kabla ya pambano.

Klabu yetu inafundisha ngumi siku yake, mieleka siku yake, jujitsu siku yake. Kila moja naiweza. Nikipambana, najikuta nacheza mchezo mmoja tu mpaka mwisho. Tufanyeje?
*Kwa niaba ya wenzangu wanne*

Hili ndilo swali tulilofurahi nalo kuliko yote, kwa sababu MMA inaishi kwenye maungio: pale ngumi inapogeuka mshiko, mshiko unapogeuka anguko, na anguko linapogeuka kabali. Maungio hayo hayafundishwi na somo lolote kati ya hayo matatu. Yatengenezeeni muda wake, angalau theluthi moja ya saa zenu za wiki.

Zoezi la kwanza ni la umbali. Raundi 4 za dakika 3: mmoja anaruhusiwa kupiga tu, mwingine kuangusha tu. Akiangushwa, mnasimama na kuanza upya. Badilishaneni kila raundi. Baada ya wiki chache mpigaji ataacha mwenyewe kurusha ngumi ndefu zisizo na chenga, na mwangushaji ataacha kujirusha kutoka mbali.

La pili, ukutani kama hamna wavu. Mmoja anaanza amebanwa mgongo, mwenzake ameshamshika kiuno. Dakika 2. Aliyebanwa atanue miguu, aingize mkono chini ya kwapa, asukume kichwa chake chini ya kidevu cha mwenzake, kisha ageuke. Mbanaji anashusha mikono kutoka kiunoni hadi nyuma ya magoti na kuunganisha viganja hapo. Hapa ndipo pumzi huisha, na anayebana kwa mikono mitupu bila kuegemeza kichwa na bega huchoka kabla ya anayebanwa.

La tatu ni la chini: dakika 1 mara 6, aliye juu anapiga kwa theluthi ya nguvu, aliye chini ana kazi moja tu ya kusimama. Ngumi hizo nyepesi ndizo zitakazowaonyesha ni mbinu zipi za jujitsu mlizokuwa mnazifanya huku uso uko wazi.

Mpambano kamili wa mazoezi uwe mara moja kwa wiki, kwa nusu ya nguvu, mkivaa glavu nene za aunsi 7, kinga za miundi, kinga ya meno na ya kinena. Mtu akipigwa kichwa kisha akapata kizunguzungu, kichefuchefu au maumivu ya kichwa, anatoka siku hiyo hiyo hata akisema yuko sawa, na harudi kugusana na mtu mpaka daktari amruhusu.