Rioja ya 2011 yenye tope chini: haijaharibika, ila iondoe kabatini

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Chupa ya mvinyo mwekundu wa Hispania, Rioja Gran Reserva wa mavuno ya 2011, uliyoletewa na shemeji ina tope chini, je, imeharibika? Ule wavu wa nyaya unaoizunguka chupa unamaanisha nini, isije ikawa feki? Na je, uiache kabatini mpaka itimize miaka ishirini, kama ulivyoshauriwa? Nimefanya kazi jikoni Bilbao, kaskazini mwa Hispania, na mkoa wa Rioja uko kusini yake, mwendo wa saa moja na kitu kwa gari, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na kuyanywa.

Hilo tope ni mashapo. Mvinyo mwekundu ukikaa chupani miaka mingi, rangi na ile tanini inayokwaruza ulimi hushikana, zikawa nzito, zikazama. Ndiyo maana ukimimina utakuta wekundu umefifia, na kingoni mwa glasi unaelekea rangi ya tofali. Kwa umri huo ni kawaida kabisa. Ikitoka ya kahawia tupu na kunuka siki, hapo mwaga.

Wavu siku hizi ni pambo tu. Zamani ulifungwa ili matapeli wasifungue chupa halali wakajaza mvinyo wa ovyo. Ukitaka uhakika geuza chupa: nyuma kuna stika ndogo yenye namba, inayotolewa na bodi inayosimamia mvinyo wa Rioja. Ya Gran Reserva ni ya buluu. Madaraja ya chini yake, Crianza ina nyekundu, Reserva nyekundu iliyokolea.

Sasa hapo kwenye Gran Reserva ndipo penye utamu. Sheria ya Rioja inataka mvinyo huo ukae miezi 60 kabla ya kuuzwa, angalau miaka miwili kwenye pipa la mwaloni la lita 225 na miwili ndani ya chupa. Bordeaux, kule Ufaransa, unauziwa mvinyo ukiwa bado mchanga, kusubiri ni shauri lako na ghala lako. Rioja anayesubiri ni mwenye kiwanda. Wengine hupitiliza hata sheria: López de Heredia wa mjini Haro wanaziachia Gran Reserva zao baada ya miaka kumi na zaidi. Ghalani kwao utando wa buibui umening'inia kama pazia na hakuna anayethubutu kuufagia, kwa sababu buibui ndio wanaokula nondo wanaoshambulia vizibo.

Huo mji wa Haro ukipata nafasi uende. Majumba makubwa ya mvinyo yamebanana mtaa wa stesheni: López de Heredia wenyewe (1877), CVNE (1879), La Rioja Alta (1890). Hawakubanana pale kwa bahati. Karne ya 19 mdudu filoksera aliimaliza mizabibu ya Ufaransa, wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta mvinyo, na treni ilikuwa imeshafika Haro tangu miaka ya 1860. Mapipa yakapakiwa moja kwa moja kwenda bandarini Bilbao. Biashara ilinoga hadi mdudu huyohuyo alipowafikia na wao.

Kwenye ghala moja nilimkuta mzee anahamisha mvinyo kutoka pipa hadi pipa, bila pampu, unashuka wenyewe. Kila mara anakinga glasi, anaiweka mbele ya mshumaa, anatazama. Mvinyo ulipoanza kuwa na ukungu tu, akafunga. Yale yaliyobaki chini ya pipa ni ndugu wa tope lako.

Mapipa ya jadi kule ni ya mwaloni wa Marekani, nao huacha harufu ya vanila na nazi. Kwa hiyo usishangae ukinusa ukakutana na nazi iliyokunwa, kisha baadaye tumbaku, ngozi, matunda makavu. Mimi ndiyo harufu iliyoniteka. Wapo wanaoiona imezidi, na siku hizi wazalishaji wengi wamehamia mwaloni wa Ufaransa.

Kuhusu kabati: hapana. Kwa joto la Dar, bila chumba cha baridi, miaka mingine michache itaipika. Mvinyo hutanuka, husukuma kizibo, hewa huingia. Chungulia sasa hivi kama kizibo kimeinuka au kuna michirizi iliyokauka shingoni. Mavuno ya 2011 bodi yao iliyapa daraja la juu kabisa, na chupa imeshafika umri wake. Inywe mwaka huu.

Isimamishe wima siku nzima tope litulie. Iweke friji kama nusu saa, maana joto la chumbani wanalosema Wazungu ni nyuzi 16 hadi 18, si la sebule ya Sinza. Kizibo cha umri huo hukatika, vuta taratibu. Mimina kwenye jagi huku ukimulika shingo ya chupa kwa tochi ya simu, na tope likikaribia acha. Usiiache wazi masaa mengi, harufu yake itakimbia.

Kule huila na mbavu ndogo za mwanakondoo zilizochomwa kwa matawi makavu ya mizabibu, chumvi tu. Wewe tafuta mbuzi choma, pilipili kaa nayo mbali. Ikibaki, rudisha kizibo, weka friji, mmalize kesho yake jioni. Keshokutwa itakuwa ya kupikia rosti.