gcc haioni openssl/ssl.h kwenye Ubuntu

Ndugu, unasema OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche) tayari ipo kwenye Ubuntu yako, lakini ukikompaili, gcc (kikompaili cha C) inagoma ikidai hakuna faili la openssl/ssl.h. Tafadhali usipakue OpenSSL nyingine kutoka kwenye tovuti yao. Zikikaa mbili utajiongezea matatizo. Uliyonayo ni maktaba ya kuendeshea programu tu. Ubuntu, kama Debian, huweka mafaili ya vichwa (header files, kama ssl.h) kwenye kifurushi cha peke yake, ambacho jina lake huishia na -dev. Andika:

sudo apt install libssl-dev

Kisha kompaili tena. Likikosekana faili jingine na hujui limo kwenye kifurushi gani, sakinisha apt-file, endesha sudo apt-file update, halafu apt-file search ukitaja jina la faili. Naiamini njia hii kuliko kubahatisha.

Ukiona "undefined reference to SSL_new", vichwa vimeshapatikana. Kilichobaki ni kuunganisha. Hapa ndipo wengi hukwama. Linka, yaani programu inayounganisha msimbo wako na maktaba, husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo maktaba ziandikwe baada ya faili lako, si kabla yake:

gcc programu.c -o programu -lssl -lcrypto