Kibanda cha matofali kinachotoka jasho

Ndugu, umeuliza uanze na feni au na kuzuia baridi, maana kuta za kibanda chako zinalowa usiku na miche inaoza shingo. Anza na paa. Joto hupanda, na paa tupu hulimwaga nje. Funga mbao za povu gumu kwa chini, ukiacha upenyo wa sentimita 5 kati yake na paa hewa ipite, kisha uende ukutani. Ila kama tofali linafyonza maji kutoka ardhini, tibu hilo kwanza. Ukilifunika hivyo hivyo, utakuwa unafuga kuvu.

Maungio ya mbao hizo yazibwe kwa utepe, na nailoni ya kuzuia mvuke ikae upande wa ndani, wenye joto. Niliwahi kuacha ufa wa kidole kwenye kona: ukungu mweusi ukachora mstari uleule, kama kwa rula.

Tundu la kuingiza hewa liwe chini, feni ya kutolea iwe juu, ukuta wa pili. Chumba cha mita 3 kwa 2, kimo 2.5, kina mita za ujazo 15. Feni ya mita za ujazo 180 kwa saa huibadilisha hewa yote kila dakika 5. Baridi ikizidi, ipunguze kasi, usiizime.