Barua kwa mwanangu: Brighton kwa treni, usiku mmoja

Mwanangu Salma,

Salamu nyingi kwako na kwa mkwe wangu. Umeniuliza kama inafaa ninyi wawili kutoka Luton kwenda Brighton, jiji la pwani ya kusini mwa Uingereza, kwa treni, mkalala usiku mmoja na kurudi, au pesa zitaishia njiani. Inafaa sana. Ila chagueni siku kwanza, kisha treni, hoteli iwe ya mwisho. Wengi huanza na hoteli, na wakishalipa ndipo wanapogundua kwamba Jumapili hiyo reli imefungwa kwa matengenezo na kipande cha safari ni cha basi. Matengenezo hufanywa zaidi wikiendi na sikukuu, na hutangazwa mapema kwenye tovuti ya National Rail.

Mimi ningewashauri mwende Jumanne na kurudi Jumatano. Jumamosi bei ya vyumba hupanda, na nyumba nyingi za wageni hazitaki mtu wa usiku mmoja. Wikiendi ya mwanzo ya Agosti, jiji linapojaa watu wa tamasha la Pride, iacheni kabisa kama mnatafuta utulivu.

Bahati yenu ni kwamba treni za Thameslink zitokazo Bedford hupita Luton na kwenda moja kwa moja hadi Brighton kupitia katikati ya London. Hamna haja ya kubadilisha popote. Ni kama saa mbili. Chajini simu kabla ya kutoka, maana mabehewa hayo ya kawaida hayana soketi, na tikiti iliyomo kwenye simu iliyozima mkaguzi haihesabu kuwa tikiti.

Nunueni kadi ya punguzo ya Two Together. Ni paundi 35 kwa mwaka, ina majina na picha za wote wawili, na inakata theluthi ya nauli mradi mnasafiri pamoja. Jumatatu hadi Ijumaa haifanyi kazi kabla ya saa tatu na nusu asubuhi. Nauli zenu kamili kwa mwaka zikifika paundi 105, kadi imeshajilipa. Kama mna safari nyingine mbili tatu mwaka huu, msisite.

Kwenye tikiti ndipo watu huumia. Ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo ni ya bei nafuu na ndiyo inayotokea mbele ya macho, lakini ninyi mnalala, kwa hiyo kesho yake haitakuwa na kazi. Tafuteni ya kurudi siku nyingine, kisha mlinganishe na bei ya tikiti mbili za upande mmoja. Tikiti ikiandikwa ni ya Thameslink tu, msipande treni ya kampuni nyingine hata kama inaondoka mapema zaidi. Kadi ya Oyster, ya kulipia usafiri wa London, nayo inaishia Gatwick, haifiki Brighton. Ukikutwa bila tikiti sahihi, faini ni paundi 100 pamoja na nauli ya safari, na hiyo 100 hushuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21, na kumwambia mkaguzi kwamba hukujua hakusaidii.

Siku Thameslink ikivurugika mkaruhusiwa kupanda treni za kampuni ya Southern kutoka stesheni ya Victoria, London, sikilizeni tangazo. Baadhi ya treni hizo hugawanywa mara mbili kwenye stesheni ya Haywards Heath: mabehewa mengine huenda Eastbourne, mengine Hove na Littlehampton, na hakuna linalofika Brighton. Mkijikuta Hove msihangaike, treni ya kwenda Brighton hapo ni ya dakika chache tu. Mkichelewa kufika kwa dakika 15 au zaidi, daini fidia ndani ya siku 28. Ni haki yenu.

Mkitoka stesheni mtaona barabara ya Queens Road inateremka moja kwa moja hadi baharini, mwendo wa robo saa. Kurudi ni kupanda, basi mizigo iwe ya mgongoni. Mimi ningekata kushoto nipite vichochoro vya North Laine, nitokee Royal Pavilion, jumba ambalo msanifu majengo John Nash alimjengea mwanamfalme mtawala, baadaye Mfalme George IV, kati ya 1815 na 1822, kuba zake kama za India. Msilipite. Katika vita vya kwanza vya dunia lilikuwa hospitali ya askari wa Kihindi, na kulikuwa na majiko tofauti kwa Waislamu na Wahindu. Waislamu waliofariki walipelekwa kuzikwa Woking.

Pwani yenyewe msiitarajie kama Nyali ya Mombasa. Ni kokoto tupu, mawe ya mviringo yanayoumiza nyayo, kwa hiyo bebeni viatu vya kuingilia majini. Ukingo una mteremko mkali: hatua chache tu na maji yako kifuani, na mawimbi yanapojaa hupasukia palepale ukingoni na kumwangusha mtu mzima. Siku za bamvua tofauti ya kupwa na kujaa hufika kama mita sita, na maji yakitoka sana ndipo ukanda wa mchanga hujitokeza. Tazameni jedwali la maji. Ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano tu, wakati waokoaji wapo. Maji hupata joto kuelekea mwisho wa Agosti, na hata hapo ni kama nyuzi 18, ingieni polepole.

Samaki na chipsi kuleni mkiwa mmeegemea ukuta, kwa sababu shakwe hushuka kutoka nyuma na kunyakua mkononi. Ulizeni kwanza mafuta ya kukaangia, maana maduka mengine hutumia mafuta ya ng'ombe, ambaye huenda hakuchinjwa kwa njia ya halali. Likizo ikiangukia Desemba au Januari, bahari ya kuogelea hakuna, lakini jua linapozama makundi ya ndege aina ya kwezi huzunguka angani juu ya gati la Palace Pier kabla ya kutua kulala chini yake. Desemba hiyo ni kwenye saa kumi jioni, muwe mmeshafika.

Kurudi, ondokeni Brighton kwenye saa nane mchana, au msubiri hadi baada ya saa kumi na mbili. Katikati ya hapo mtapita London wakati watu wanatoka kazini, mtasimama bila kiti hadi Luton, na baadhi ya tikiti za bei nafuu hazikubaliwi saa hizo.

Mkwe wangu akishapewa likizo, nitumie tarehe nizitazame na ratiba ya matengenezo kabla hamjalipa chochote.

Baba yako