Moshi mpaka Lushoto kwa baiskeli mwisho wa masika, upepo wa Same ulivyoninyoosha

Mkuu umeuliza kama mwisho wa mwezi wa tano mtu anaweza kutoka Moshi mpaka Lushoto na baiskeli ya gia ya mtumba, na ule mlima wa Mombo ataupandaje. Mimi nimeipiga hiyo njia siku tatu. Mlima nitaufikia, ila nianze na kitu ambacho mimi hakuna aliyeniambia, upepo.

Mwezi wa tano kusi linakuwa limeshaanza, linatoka kusini mashariki, na barabara kuanzia Mwanga kushuka Same mpaka Mombo inaelekea huko huko, kwa hiyo unaula usoni njia nzima. Siku ya kwanza Moshi mpaka Himo raha tupu, mahindi yamenipita kimo, barabara mbichi na mvua ya usiku, nikajiona bingwa. Kupita Lembeni nikaanza kushangaa mbona niko kwenye mteremko na bado nakanyaga pedeli kama napanda. Aisee, gia nyepesi kabisa kwenye tambarare! Alafu basi likija mbele yako ndo balaa, likikupita tu stelingi inacheza unatupwa pembeni kwenye changarawe. Moshi Same ni kama kilomita mia na kidogo, nilipiga hesabu ya masaa saba nikatumia kumi na moja, nafika giza limeshaingia na midomo imepasuka.

Gesti niliyolala kulikuwa na mzee mlinzi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku anaiangalia ile baiskeli anacheka. "Pole mwanangu. Upepo wa huku unalala usiku, wewe amka kabla haujaamka." Basi kesho yake saa kumi na moja alfajiri niko barabarani na taa mbele na nyuma (taa usikose, malori hayana utani) na kweli hewa imetulia kabisa, saa tatu niko Hedaru. Kulivyokucha ndo nikaiona nchi sasa. Mtu anayeijua Same ya mwezi wa kumi, vumbi na vichaka vikavu, hawezi kuamini, nyasi kijani mpaka kwenye reli, milima ya Pare kushoto imevaa mawingu.

Hedaru nikapata pancha, miba ya mgunga. Fundi alikuwa kijana mdogo tu, akazamisha tyubu kwenye beseni tukaangalia mapovu, akaziba, nikadhani tumemaliza. Akachukua kipande cha kitenge akakizungusha ndani ya tairi taratibu, kikanasa mahali. Kumbe ncha ya mwiba ilibaki, kidole changu kilishapita hapo mara mbili hakijaiona. Toka siku hiyo natembea na kitambaa. Na pande hizo hizo kuna kijiji kinaitwa Mabilioni, mimi napita mfukoni nina elfu nane.

Kuanzia saa tano upepo ukarudi, nikasukumana nao hivyo hivyo mpaka Mombo, nikala wali maharage sahani mbili nikalala.

Sasa mlima. Mombo Lushoto ni kilomita kama 33, lami yote, unapanda karibu mita elfu moja. Sitakudanganya, kabla ya Soni, kamji ka njiani kwenye huo mlima, nilishuka nikasukuma mara nyingi tu, wamama wenye ndoo za matunda kichwani wananipita wananisalimia kwa Kisambaa onga mshi na pole juu. Ila kuna kivuli, kuna ubaridi, maji yanatiririka pembeni, kuchoka kwake ni kwa amani. Same nilitamani kulia, huku nilikuwa naimba.

Kwa hiyo jibu langu, gia unazihitaji, ila mwezi huo ningekuwa mimi ningeweka baiskeli kwenye buti la basi mpaka Lushoto nianzie huko, niteremke Mombo, alafu kusi linisukume mgongoni mpaka Moshi. Badilisha tu raba za breki kabla hujaanza kushuka Soni, zangu zilikuwa zimeisha na sikujua mpaka kona ya pili.